Gitaa la Mlango wa Bibi

Nimesafiri mara moja tu maishani mwangu kwa hiari, na nilisafiri kwenda kuiba. Safari nyingine zote nilisukumwa: sekondari nilipelekwa, hospitali ya mkoa nilibebwa, na kijiji cha ujamaa nilipakiwa kwenye lori pamoja na vyungu. Lakini mwaka huu, nikiwa na magoti mawili yasiyoelewana, nilipanda basi asubuhi pale stendi ya Singida, nikaenda Shinyanga kwenye msiba wa mtu niliyemchukia miaka hamsini bila kupumzika hata Jumapili. Nyumbani kwangu walidhani nimeokoka. Mke wangu alinifungia mayai ya kuchemsha akasema, "Afadhali umemsamehe marehemu." Nikamwambia, "Nani kakwambia?"

Marehemu Masanja alikuwa Msukuma, mimi Mnyaturu. Kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujajuana majina. Vijana wa siku hizi, ambao utani wanauona kwenye mpira tu, waelewe kwamba zamani utani wa makabila ulikuwa sheria. Mtani akikutukana, unacheka. Akichukua kofia yako, jembe lako, au nyama iliyokaribia mdomo wako, huendi polisi. Unaikomboa kwa kitu kidogo, au unangoja zamu yako. Na akifa, wewe ndiye mwenye ruhusa ya kuingia msibani ukicheka, ukamwita marehemu mvivu, ukajilaza kitandani kwake, na ukaondoka na kitu chake mbele ya wafiwa wote. Hakuna wa kukushika mkono. Ruhusa hiyo niliingoja tangu ujana. Ndiyo maana ujumbe wa mwanawe ulipoingia kwenye simu, "Baba ametutoka, aliagiza mtani wake wa Singida ajulishwe," nilisikitika kwa muda wa kunywa maji nusu kikombe, kisha nikaanza kutafuta gunia refu.

Mwaka wenyewe ni ule wa operesheni, tulipohamishiwa vijijini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata cheti kisichonipeleka popote, jambo lililonifaa kabisa, kwa sababu popote sikutaka kwenda. Nilikaa na shangazi upande wa Mtinko, kwenye tembe ya bibi: nyumba ndefu ya udongo yenye paa bapa, ndani kuna giza na ubaridi wa mtungi, moshi umezipaka nguzo rangi ya asali mbivu. Wenzangu waliota Dar es Salaam. Mimi niliota kona ya jikoni, nikaamka nikaikuta ipo. Mlango wa tembe ile haukuwa wa mbao za kuunga. Ulikuwa ubao mmoja wa mninga, umechongwa kwa tezo kutoka gogo moja, unene wa vidole vitatu, na ubavuni una tundu la komeo ambalo dole gumba la bibi lilikuwa limelisugua mpaka likang'aa. Bibi alifariki nikiwa shuleni. Tundu lilibaki. Jioni nilikuwa nakaa kizingitini nikila ugali wa uwele kwa mlenda, mkono wa kulia kwenye sahani, dole gumba la kushoto ndani ya tundu, nikajiona mtu aliyekamilika.

Lori lilipokuja, dereva wake alikuwa Masanja. Kijana mrefu, kanizidi miaka michache, kofia imeegemea sikio, gitaa limekaa kwenye kiti cha utingo kama abiria wa daraja la kwanza. Juu ya kichwa cha lori palifungwa kipaza sauti cha pembe, na ile pembe ilitangulia kutueleza habari za shule, zahanati na bomba la maji kabla lori lenyewe halijaonekana. Shangazi alipakia vitu. Mimi nilibaki kizingitini. Masanja akashuka, akanizunguka mara mbili kama mnunuzi mnadani.

"Huyu vipi? Anaatamia?"

"Mwache," shangazi akasema. "Ndivyo alivyo."

"Mtani, nyanyuka. Mayai yatavia."

"Siondoki bila mlango."

"Bila nini?" Akawageukia watu waliokwisha kupanda. "Jamani, Wanyaturu nimewakubali! Nyumba anaiacha, mlango anaubeba. Kesho atarudi kubeba kivuli!"

Watu walicheka, na wengine nyumba zao zilikuwa zimebomolewa asubuhi ileile. Mtu huchukua kicheko anapokikuta. Tuliung'oa mlango pamoja na mwimo wake mmoja, ule mti wa ubavuni, nikaupandisha lorini, nikaukalia njia nzima. Nyuma yetu paa la tembe liliangushwa ili tusije tukashawishika kurudi. Sikugeuka kutazama. Ningependa kusema ni ushujaa, lakini nilikuwa nimebanwa kati ya kinu na mbuzi wa jirani. Tangu siku ile jina langu likawa Kuku. Shule nzima, ukoo mzima na padri aliyenibatiza walikuwa na jina jingine kwa ajili yangu, na likafutwa na dereva mmoja kwa swali moja.

Kijiji kipya kilikuwa mistari iliyopigwa kamba na vibanda vya fito na nyasi vilivyosimama kama askari waliokosa chakula. Mlango wa bibi haukuingia kwenye chetu. Ukiusimamisha, kibanda ndicho kilichouegemea mlango. Basi ukalazwa chini nje, shangazi akawa anaanikia mtama juu yake, na mimi nikawa napita kando yake kila siku kama mtu anayepita kando ya mgonjwa. Tembe ilikuwa na kuta za kuficha siri za vizazi vitatu. Kibanda kilikuwa na kuta za kusaidia siri kutembea. Upande wa pili wa nyasi zetu palikuwa na baraza la katibu wa kijiji, na hapo ndipo Masanja alipoegesha lori, akala, akapiga gitaa, na kusema. Nilimjua mtu yule kwa sikio kuliko nilivyomjua kwa jicho.

Jioni moja tulikuwa tunakula, nikamsikia katibu akisema kwamba siku ya kufungua kijiji atakuja mgeni mkubwa kutoka mkoani, na anataka bendi. Masanja akajibu kwamba magitaa mawili yapo, pipa la kuwamba ngoma lipo, lakini besi hakuna, na bendi bila besi ni tembe bila nguzo. Sijui nini kilinipanda. Labda ni yeye kuitaja tembe kwa mdomo ule. Nikasema kwa sauti, kupitia ukutani, "Besi nitatengeneza mimi."

Kisha baraza zima likaangua kicheko mpaka nyasi zikatikisika.

"Nani huyo? Kuku?" Masanja aliuliza. "Utaitengeneza kwa nini, kwa maganda ya mayai?"

"Kwa fizikia ya kidato cha tatu."

"Haya, mtani. Mbele ya katibu nasema. Ukitengeneza besi ikalia, utaipiga wewe mwenyewe mbele ya mgeni. Na mimi nitakubebea viatu mpaka jukwaani."

"Sina viatu."

"Basi nitakubebea miguu!"

Hiyo ndiyo ahadi. Naomba msomaji aishike vizuri, kwa sababu mwenye ahadi hakuishika. Mimi sikuwahi kutaka kitu kilichokuwa nje ya ua, lakini siku hiyo ya mgeni nilianza kuitaka kama mjamzito anavyotaka udongo. Niliwaza nimesimama mbele ya watu walioniita Kuku, nimevaa mlango wetu kifuani, na ile pembe iliyotuhamisha sasa inasema ninachotaka mimi.

Nilimpelekea mlango mzee Ntandu, mchonga mizinga ya nyuki na vinu, mtu aliyeongea kama anayelipia kila neno. Alipitisha kiganja juu ya ubao.

"Mlango wa nani?"

"Wa bibi, mzee."

"Amekubali?"

"Amefariki, mzee."

"Sikuuliza kama amefariki."

Akanitazama, akachukua tezo. Nilimwomba kitu kimoja tu, tundu la komeo libaki, nikamchorea kwa mkaa umbo la gitaa ili tundu liangukie pale dole gumba linapopumzika mtu akipiga. Shingo ilitoka kwenye mwimo. Vigawanyo vya sauti shingoni nilivikata kwenye spoku za baiskeli, nikavipima kwa uzi niliokuwa naukunja, kwa sababu kitu pekee nilichokumbuka vizuri shuleni ni kwamba uzi ukiugawa nusu sauti inapanda ngazi nzima. Kikalio cha nyuzi kilikuwa mfupa wa ng'ombe tuliokwisha kula mchuzi wake. Sikio la gitaa, lile linalogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme, lilihitaji sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara zisizohesabika. Sumaku niliitoa kwenye dainamo ya baiskeli iliyokufa. Waya niliuchomoa kwenye redio iliyoungua, mwembamba kama unywele wa mtoto, nikauzungusha kwa cherehani ya shangazi, pale anapojazia uzi kwenye bobini. Ulikatika mara nyingi sana, nikawa naunga na kuanza upya. Majirani waliopita walimwona kijana aliyesoma mpaka kidato cha nne ameinamia cherehani siku nzima, wakamwuliza shangazi ananishonea nini. "Ananishonea aibu," shangazi alijibu, huku akinishikia kibatari kwa mikono miwili.

Nyuzi alinipa Masanja mwenyewe. Alikuja na mabaki ya gereji ameyavaa shingoni kama shanga.

"Chukua, Kuku. Huu mnene wa akselereta, hizi za breki za baiskeli. Baiskeli ya mtu ikikataa kusimama, tutawaambia wafiwa waje kwako."

"Asante, mtani."

"Usinishukuru. Sasa nusu ya hilo gitaa ni yangu."

Nikacheka. Utani ni mzuri sana kwa mwizi, kwa sababu anakutangazia mapema na wewe unacheka.

Tulilijaribu kwanza kwenye pembe ya lori. Ilikuwa aibu. Pembe ile ilizaliwa kwa kutangaza, si kwa kunguruma; ukigusa uzi mnene ilitoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Masanja alilala chini akacheka akishika tumbo. Sikukata tamaa, kwa sababu mtu wa kukaa nyumbani hana pa kukimbilia tamaa ikikatika. Mwenye duka alinipa spika ya karatasi kutoka redio kubwa ya mbao iliyokwisha kufa, na mzee Ntandu akanionyesha kwa kidevu mzinga wa zamani uliopasuka kidogo, alioutupa nyuma ya nyumba. Gogo tupu, refu kama mtoto wa darasa la pili. Upande mmoja nilifunga spika na kuifunika kwa gunia, upande wa pili nikaweka kifuniko cha mbao, na katikati likabaki tundu la kuingilia nyuki, ambalo kwa hesabu zangu lingeisaidia sauti itoke nene. Nasema kwa hesabu, kwa sababu kuusikia sikuusikia. Umeme wetu ulikuwa betri la lori, na baada ya aibu ile Masanja alisema betri la serikali halichezewi tena mpaka siku yenyewe. Kwa hiyo nilikuwa na gitaa kamili na mzinga kamili, nikawa napiga jioni kibandani bila umeme, ti, ti, ti, kama mtu anayebisha hodi kwa kucha, na kuamini.

Wiki ya mwisho kabla ya mgeni kufika, tulikuwa tunakula tena, shangazi na mimi. Ugali wa uwele, maziwa ya mgando. Sauti zikaja kupitia nyasi.

"Kwa hiyo Kuku ndiye atakayepiga besi?" katibu aliuliza.

"Kuku? Mbele ya mgeni wa mkoa?" Masanja alikuwa anatafuna. "Atatetemeka mpaka nyuzi zifunguke. Nitapiga mimi. Yeye mwambie alinde baiskeli za wageni."

"Lakini ulimwahidi, mbele yangu."

"Ni mtani wangu, mzee. Ahadi kwa mtani ni mate juu ya jiwe la jua."

Wakacheka wote wawili, na katibu ndiye aliyecheka mwisho. Tonge lilikuwa mkononi mwangu. Shangazi alikuwa amesikia kila neno, naye akatazama maziwa yake kama anayesoma kitu ndani yake. "Kula, mwanangu," alisema. "Hasira haishibishi." Sikula. Nilirudisha tonge sahanini, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baada, nikamwuliza, "Shangazi, nta tunayo?"

Mtoto yeyote wa Singida anajua kwamba mzinga uliopakwa nta ndani, ukatundikwa wakati miti imechanua, haukai bila wapangaji. Mzinga wangu wa spika niliupaka nta kwa moto mdogo mpaka ukanukia kama kanisa, nikautundika kwenye mgunga nyuma ya kibanda. Waliouliza niliwaambia mbao zinahitaji hewa. Mzee Ntandu alipita, akanusa, akatazama mzinga, akanitazama mimi, akaendelea na safari yake bila kulipia neno. Siku ya nne wakaja: kundi changa, kubwa kama ngumi mbili, wakaingia mmoja mmoja kwa adabu. Nami nawaogopa nyuki. Nilizaliwa kwenye mkoa wa asali na nawaogopa nyuki kuliko deni. Lakini alfajiri ya siku ya sherehe, wakiwa wamezubaa kwa baridi, nilipanda mti ule kwa magoti yaliyokuwa bado yanaelewana, nikaziba tundu kwa gunzi la mahindi.

Watu walijaa uwanjani mapema. Lori lilisimama nyuma ya jukwaa la magogo, injini inanguruma ili betri lisife. Mzinga niliupeleka mwenyewe kwa toroli, polepole, kama mtu anayebeba mayai kweli. Nikavaa gitaa. Nilisimama nalo labda kwa muda wa sala moja ya Baba Yetu. Kisha Masanja akaja na shati jipya, akalivua gitaa begani kwangu mbele ya kijiji kizima.

"Asante, Kuku! Umeatamia vizuri, kifaranga kimetoka. Sasa nenda kalinde baiskeli."

Watu wakacheka. Nikatazama uso wa shangazi, yeye hakucheka.

"Ulisema nitapiga mimi," nikasema. Nilitaka kumpa nafasi. Hilo lazima niliandike, kwa sababu miaka mingi nimewaambia watu kwamba sikumpa.

"Nilisema nitakubebea miguu. Ilete basi." Kicheko kingine. Akaweka sikio karibu na mzinga. "Mbona unanguruma hata sijagusa?"

"Ndiyo nguvu ya besi hiyo."

"Na gunzi hili la nini?"

"Hilo, mtani, tafadhali usilitoe. Ukilitoa sauti itakuwa kubwa mno, hutaimudu."

Alinitazama kwa huruma. Nilijua atanitazama hivyo. Mtu aliyekuwa amepuuza kila neno langu tangu siku ya kwanza, ningemwomba vipi jambo na alifanye? Akalichomoa gunzi kwa vidole viwili, akalirusha kwa watoto, akakunja mkono, akaupiga uzi mnene.

Naomba nieleze sauti ile, kwa sababu niliisikia mara moja tu. Haikutoka kwenye mzinga, ilitoka ardhini. Ilipita nyayoni, ikapanda kwenye mifupa ya miguu, ikanikuta tumboni. Ilikuwa sauti ya mlango wetu unapofungwa jioni, watu wote wakiwa ndani. Ule mshindo mfupi, mzito, na baada yake komeo. Niliisahau tangu lori lije, na hapo nikaikumbuka yote. Na katika nukta ile moja nilitaka kumwambia Masanja akimbie. Kisha nyuki wakatoka.

Sitasimulia sana. Ngoma ilikimbia na mpigaji wake akaifuata. Katibu aliingia kwenye pipa la maji akabaki kofia. Masanja alikimbia akiwa bado amelivaa gitaa, waya unamfuata nyuma, na nyuki wanaufuata waya. Mgeni alichelewa kwa saa mbili, na alipofika aliambiwa kwamba kijiji kimeanzisha mradi wa ufugaji nyuki. Akausifu kwa hotuba ndefu, akiwa mbali. Jioni palikaa baraza. Masanja alikuja uso umeumuka kama andazi, jicho moja limefunga kazi.

"Nani alitoa gunzi?" mzee Ntandu aliuliza.

"Mimi, mzee."

"Uliambiwaje?"

"Niliambiwa nisilitoe."

"Mtani kamchezea mtani. Hakuna kesi."

Kijiji kilicheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Nilikuwa sijawahi kula utamu wa namna ile. Masanja naye alicheka, kwa upande wa uso uliokuwa unaweza, akaninyooshea kidole. "Zamu yangu inakuja, Kuku."

Ilikuja wiki iliyofuata. Kazi ya malori ilikuwa imeisha kwetu, na madereva walikuwa wanarudi kwao Usukumani. Nilikuwa nakula; mabaya yangu yote yamenikuta nakula. Gitaa, nililorudishiwa baada ya lile baraza, lilikuwa limeegemea fito pale nje ya kibanda. Nikasikia hatua, nikasikia injini, na nilipotoka nikaona shingo ya gitaa imechomoza kwenye dirisha la lori. Masanja akafungulia ile pembe, akatangaza kijiji kizima kisikie: "Kuku! Ukilitaka, njoo ulichukue! Shinyanga si mbali!"

Nilikimbia mpaka mwisho wa viwanja, nikasimama. Hakuna lililonizuia. Kesho yake lilipita lori jingine la kuelekea kulekule, na katibu, ambaye nadhani dhamiri ilikuwa inamwasha kuliko miiba ya nyuki, aliniambia nafasi ipo mbele, kando ya dereva. Nikamwambia nina ugali motoni. Ugali gani unaiva miaka hamsini? Baraza nalo halikunisaidia. "Mtani kamchezea mtani," mzee Ntandu alisema, kwa maneno yaleyale, kwa bei ileile.

Kwa hiyo nilifanya wanachofanya watu wa kukaa nyumbani: nilichukia kwa mbali, kwa utaratibu. Nilipata kazi ya ukarani wa shule hapohapo, nikajenga hapohapo. Redioni nilikuwa nasikiliza bendi za Kanda ya Ziwa, na siku moja nikasikia besi ambayo uzi wake wa tatu ulikuwa unavuma kidogo kama nyuki ndani ya chupa. Nilijua. Spoku ile niliikata fupi. Ni mlango wa bibi unachezewa na watu wa Mwanza, na mimi nimekaa kijijini nasikiliza kama mpita njia. Nikatuma kadi kwenye kipindi cha salamu: "Salamu zimfikie mtani wangu Masanja popote alipo. Ujumbe: rudisha mlango." Baada ya majuma kadhaa mtangazaji akasoma, kwa sauti isiyoelewa kitu: "Salamu zimfikie Kuku wa Singida. Ujumbe: njoo ulichukue." Tulisalimiana hivyo miaka na miaka. Mke wangu aliamini anayenijibu ni mwanamke.

Nyumba yake Shinyanga ilikuwa nzuri, yenye sebule ya makochi yaliyosogezwa nje kwa ajili ya waombolezaji. Niliingia nikicheka, kama sheria inavyotaka. "Yuko wapi mwizi wa milango? Nimemletea komeo!" Wafiwa wakainua nyuso, wakaelewa, wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Nikaenda chumbani nikajilaza kitandani kwake na viatu, nikasema godoro lina harufu ya uvivu. Nikaeleza mbele ya umati jinsi alivyokimbia nyuki. Mwanawe alicheka mpaka akashika ukuta. Na juu ya ukuta huohuo gitaa lilikuwa limetundikwa. Limepakwa rangi ya buluu, lina nyuzi za dukani na vifungio vinavyong'aa, lakini tundu la komeo lilikuwepo.

Mjane alikuja akasimama mbele yangu. "Wewe ndiye Kuku."

"Ndiye mimi, mama. Pole."

"Alisema utakuja. Kila mwaka alisema, huyu haji mpaka nife." Akalitungua, akalipangusa kwa kanga, akaliweka mapajani kwangu. "Alisema ukija nikupe."

Dole gumba langu likaingia lenyewe mahali pake. Tundu lilikuwa pana kuliko nilivyoliacha, na limelainika upande ambao bibi hakuugusa. Dole gumba la mwizi nalo lilikuwa limefanya kazi. Lakini hasira niliyoipata pale, wasomaji wangu, haikuwahi kunipata hata siku lori lilipoondoka. Akupe! Miaka hamsini nimeunoa mkono wa kunyang'anya, na mtu yule, yumo ndani ya sanduku, amenitangulia tena; amenigeuza mgeni anayepewa zawadi.

"Mama," nikasema, "lirudishe ukutani."

"Hulitaki?"

"Lirudishe. Mimi sikuja kupewa."

Kisha mdomo wake ukacheza, na nikajua ameishi na mtani miaka mingi. Akalitundika tena, akageuka, akawaita wanawake wenzake kwa sauti kubwa waje watazame kitu uani. Nikalinyakua. Nikatoka mbio na magoti yangu yasiyoelewana, moja linaenda Singida, jingine linabaki msibani, gunia linaburuzika, nyuma yangu wanawake wanapiga kelele "Mwizi! Mwizi!" na kupiga vigelegele, mpaka nikamfikia kijana wa bodaboda, ambaye aliogopa kweli.

Sasa liko kwangu. Rangi ya buluu nimeikwangua. Jana mwanawe alinipigia simu, akanipa shikamoo, akasema familia imekaa, imeona lile gitaa ni kumbukumbu ya baba, wanataka kulikomboa kwa mbuzi, au hata ndama. Akauliza watume lini.

"Njoo ulichukue," nikamwambia. "Singida si mbali. Wakati wowote utanikuta nyumbani, mimi sina safari. Ila, mwanangu, hapa kando ya mlango utaona mzinga umezibwa kwa gunzi. Hilo gunzi, tafadhali, usilitoe."